Ukuta wa Siena: kisa cha kanisa kuu lililotaka kuongezwa

Kwa nini kisa hiki

Siena ni mji wa vilima katika mkoa wa Toscana, Italia. Ukitoka katika kanisa lake kuu na kuzunguka upande wa kusini-mashariki, utakuta ukuta mrefu mno wenye uwazi mkubwa wa dirisha lisilo na kioo. Hauna paa wala chumba nyuma yake, na mbingu inaonekana kupitia dirishani. Wenyeji wanauita Facciatone, yaani uso mkubwa wa jengo. Ungekuwa uso wa kanisa kubwa kuliko karibu makanisa yote ya Ulaya ya wakati wake. Ujenzi ulianza 1340, na mwaka 1357 amri ikatoka kwamba sehemu kubwa ya kilichokwisha kujengwa ibomolewe.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni moja: tauni ya 1348. Si jibu la uongo, ila ni nusu ya kisa, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye mafunzo kwa mtu yeyote anayesimamia ujenzi, awe mjumbe wa kamati ya kanisa, mhandisi au diwani. Majina ya wajumbe wa baraza na ya wakaguzi wengi nimeyaacha, kwa sababu ninachofuatilia ni namna uamuzi ulivyofikiwa, si mtu wa kubebeshwa lawama. Waliotajwa ni wale tu ambao bila wao kisa hakieleweki.

Usuli

Katika karne ya 13 Siena ilikuwa mji wa wafanyabiashara na wenye mabenki, wapinzani wa jadi wa Firenze iliyo kaskazini mwake. Tarehe 4 Septemba 1260 majeshi ya Siena na washirika wake yaliishinda Firenze vibaya kwenye vita vya Montaperti. Kabla ya vita mji ulikuwa umejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria, na kanisa kuu ndilo nyumba yake. Kwa hiyo tangu siku ile kanisa likawa zaidi ya mahali pa ibada. Lilikuwa kumbukumbu ya ushindi na hati ya mji pia.

Jengo lenyewe lilikuwa limekwisha kupendeza. Kuba lilikamilika katika miaka ya 1260, na ukilitazama kwa makini utaona limekaa juu ya pembe sita zisizolingana sawasawa, jambo la nadra. Ndani, kuta na nguzo zina mistari ya marumaru nyeupe na mawe ya kijani kizito yanayokaribia weusi, rangi za bendera ya mji. Nicola Pisano alichonga mimbari yenye pembe nane kati ya 1265 na 1268. Mwanawe Giovanni akaanza sehemu ya chini ya uso wa mbele mwaka 1284, akaijaza sanamu za manabii na wahenga zinazojipinda na kuinamisha vichwa kana kwamba zinasemezana. Mwaka 1311 picha kubwa ya Bikira Maria iliyochorwa na Duccio ilibebwa kwa maandamano kutoka karakana yake hadi kwenye madhabahu kuu, maduka yakafungwa na kengele zikapigwa.

Usimamizi ulikuwa mikononi mwa ofisi ya ujenzi iitwayo Opera. Fedha zake zilitoka serikalini, kwenye sadaka na hata kwenye nta: kila mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi Agosti, raia na miji iliyokuwa chini ya Siena walitakiwa kuleta mishumaa. Juu ya Opera kulikuwa na serikali ya Watu Tisa, wafanyabiashara waliopokezana madaraka kila miezi miwili, iliyotawala kuanzia 1287.

Kuna jambo moja la ardhi ambalo msomaji asilisahau. Kanisa liko juu ya kilima, na upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu, ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bondeni. Kila aliyetaka kulirefusha kanisa upande huo ilimbidi kwanza aujenge msingi kutoka chini kabisa ya mteremko.

Onyo la 1322

Ndivyo walivyofanya. Kuanzia takriban 1317 walianza kuirefusha sehemu ya kwaya, yaani ile ya madhabahu, juu ya mteremko, na chini yake wakajenga kanisa la ubatizo la Mtakatifu Yohane. Kanisa juu ya kanisa: la chini linabeba la juu.

Mwaka 1322 mafundi watano waliombwa kukagua kazi. Mmojawao alikuwa Lorenzo Maitani, mzaliwa wa Siena, ambaye tangu 1310 alikuwa fundi mkuu wa kanisa kuu la Orvieto. Huko aliitwa kwa sababu jengo lilihofiwa kuwa hatarini, akaliongezea matao ya kuliegemeza kwa nje. Alijua hofu ya kusimama chini ya dari usilo na uhakika nalo.

Ripoti yao haikupinda maneno. Misingi mipya haitoshi, na ilikwisha kuanza kutitia sehemu nyingine. Kuta hazina unene wa kubeba zinachotarajiwa kubeba. Kazi mpya ikiungwa na ya kale, mpya itakuwa bado inakaa sawa ilhali ya kale imekwisha kutulia, na hapo mahali pa kuungana patapasuka. Zaidi ya hayo, kanisa likirefushwa, kuba halitakuwa tena katikati ya msalaba, yaani umbo la kanisa likitazamwa kutoka juu, kama inavyopasa. Walishauri kazi isimame. Kisha wakaongeza ushauri wa pili: mkitaka kanisa kubwa, jengeni jipya, zuri, lenye vipimo vinavyopatana.

Baraza halikuufuata ushauri wa kusimamisha, na kazi ya kwaya ikaendelea.

Uamuzi wa 1339

Miaka 17 ikapita na kuta za kanisa la ubatizo hazikuanguka. Wakati huohuo Firenze ilikuwa ikijenga kanisa kuu jipya tangu 1296, na mwaka 1334 Giotto alianza mnara wake wa kengele. Orvieto, mji mdogo kuliko Siena, nao ulikuwa na kanisa lake jipya tangu 1290. Siena ilikuwa na uwezo bado, na moyo ulikuwa juu: kati ya 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alikuwa akichora kwenye kuta za ikulu ya mji picha za serikali njema na mbaya, huku mnara wa ikulu hiyo ukizidi kupanda.

Tarehe 23 Agosti 1339 Baraza Kuu lilipiga kura. Waliokubali mradi walikuwa 212, waliokataa 132. Nawaomba wasomaji wazitazame namba hizi kwa utulivu. Zaidi ya theluthi moja ya wajumbe walisema hapana katika jambo lililomhusu Bikira Maria, fahari ya mji na mashindano na Firenze. Katika baraza la namna hiyo, kukataa kulihitaji uti wa mgongo.

Mradi wenyewe ulikuwa wa akili sana. Badala ya kulibomoa kanisa la kale, wangeligeuza kuwa mabawa ya msalaba wa kanisa jipya. Ukumbi mpya wenye njia tatu ungeelekea kusini-mashariki juu ya mgongo wa kilima, ambako ardhi haiporomoki, na mwisho wake ungekuwa Facciatone. Kwa mpango huo kuba lingebaki karibu na kitovu cha msalaba mpya. Ni kama mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili anayejenga jumba ubavuni, kisha kuigeuza ile nyumba ya zamani kuwa ukumbi wa kupitia.

Fundi mkuu aliyechaguliwa ni Lando di Pietro, mfua dhahabu aliyewahi kutengeneza taji la mfalme Heinrich VII wa Ujerumani na wakati huo alikuwa akifanya kazi Napoli. Tusikimbilie kusema walimkabidhi sonara jengo. Azimio la baraza lilimsifu kwamba ana ujuzi na ubunifu nje ya kazi yake ya dhahabu, katika makanisa, majumba, barabara, madaraja na chemchemi. Enzi zile fundi hodari alivuka mipaka ya kazi, na hesabu ya uzito wa jengo kama tunavyoijua leo haikuwepo. Kilichokuwepo ni vipimo vya uwiano, uzoefu na macho ya fundi.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 2 Februari 1340. Kabla mwaka huo haujaisha Lando alikuwa amefariki. Usukani ukachukuliwa na Giovanni d'Agostino, fundi ambaye sifa yake kubwa ilikuwa uchongaji.

Kilichotokea

Miaka ya mwanzo ilikwenda vizuri. Walianzia mbali na kanisa la kale: uso mpya, njia za pembeni, nguzo ndefu zenye matao mapana. Kazi ya mawe ilikuwa safi ajabu. Hata leo, katika matao yaliyobaki, marumaru imekatwa na kuunganishwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Kisha dunia ikageuka. Mavuno yalikuwa mabaya mwaka 1346, njaa ikafuata. Mwaka 1348 tauni ikaingia Siena. Mwandishi wa kumbukumbu za mji, Agnolo di Tura, aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Aliandika pia kwamba kengele hazikulia tena na hakuna aliyelilia wafu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikingojea kifo chake. Idadi ya waliokufa aliyoitaja ni kubwa kuliko watu ambao mji ungeweza kuwa nao, lakini sioni sababu ya kumsahihisha mtu aliyeandika akiwa na udongo wa makaburi ya wanawe mikononi. Inakadiriwa kuwa Siena ilipoteza nusu ya watu wake au zaidi. Ambrogio Lorenzetti na ndugu yake Pietro inaaminika walikufa katika tauni hiyo.

Ujenzi ulisimama, ukaanza tena kwa kusuasua. Mafundi wachache waliobaki walidai ujira mkubwa. Vikosi vya askari wa kukodiwa vilizunguka Toscana vikitoza miji fedha ili visiishambulie. Mwezi Machi 1355 mfalme Karl IV wa Ujerumani alipofika Siena, wananchi waliinuka, serikali ya Watu Tisa ikaanguka na mahali pake ikakaa serikali ya Watu Kumi na Wawili.

Na katikati ya hayo yote kasoro za jengo zikajitokeza. Nguzo zilikuwa nyembamba kuliko mzigo uliowekwa juu yake. Dari la matao halisukumi chini tu. Husukuma pia kwa nje, kama mtu aliyepanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi. Nguzo iliyo nyembamba na iliyo mbali na mwenzake haiwezi kuuzuia msukumo huo, na ukuta mrefu ukiongezwa juu yake hali inazidi kuwa mbaya. Mwaka 1356 mafundi waliitwa kushauri, akiwemo mmoja kutoka Firenze. Fikiria ilivyokuwa kwa Siena kumfungulia mlango mtu wa Firenze aje aangalie nyufa za kanisa lililojengwa ili kuizidi Firenze. Alipendekeza kubomoa. Mafundi wa nyumbani nao walionyesha kwamba kuumaliza mradi kungekula fedha na miaka ambayo mji haukuwa nayo.

Mwezi Juni 1357 amri ikatoka: sehemu za hatari zishushwe.

Matokeo

Nguvu ilirudishwa kwenye kanisa la kale. Kwaya ilikamilishwa, ukumbi ukainuliwa, na sehemu ya juu ya uso wa mbele ikamaliziwa na Giovanni di Cecco mnamo miaka ya 1370. Hilo ndilo kanisa tunaloliona leo. Katika jengo jipya ulibaki Facciatone, pamoja na njia ya pembeni ya kulia, ambayo matao yake baadaye yalizibwa kwa kuta na kuwa vyumba. Mahali palipokusudiwa kuwa ukumbi mkuu sasa ni uwanja wazi.

Uchambuzi

Nianze na tauni, kwa kuwa ndiyo inayotupiwa mzigo wote. Kipimo kizuri ni Firenze. Nayo ilipigwa na tauni ileile mwaka uleule. Miaka michache kabla yake benki zake kubwa mbili, za familia za Bardi na Peruzzi, zilikuwa zimeanguka. Hata hivyo, mwaka 1357, mwaka uleule ambao Siena ilitoa amri ya kubomoa, Firenze iliidhinisha mpango wa Francesco Talenti wa kulifanya kanisa lake kuu liwe kubwa zaidi. Na kabla nguzo hazijapanda walibishana kuhusu umbo lake. Mfano wa Talenti ulishindanishwa na wa Orcagna, na wa Talenti ukachaguliwa. Firenze haikuwa mji wa malaika. Waliamua kujenga kuba kubwa bila kujua litafunikwaje, na jibu lilipatikana kwa fundi Brunelleschi kati ya 1420 na 1436. Lakini ubishi kuhusu nguzo walimaliza wakati nguzo bado ni mfano wa kuguswa kwa mkono. Siena ubishi wake ulikuja nguzo zikiwa tayari zimebeba mawe.

Kwa hiyo tauni iliondoa watu na fedha, lakini haikuzifanya nguzo ziwe nyembamba. Bila tauni kasoro zingejitokeza vilevile, pengine baadaye, pengine juu ya vichwa vya waumini.

Sasa ripoti ya 1322. Inavutia kuandika kwamba wataalamu walionya, hawakusikilizwa, na jengo likaanguka. Ukweli una mikunjo zaidi. Waliloonya ni kwaya iliyo juu ya kanisa la ubatizo, na kwaya hiyo imesimama hadi leo. Kilichobomolewa ni ukumbi mpya, ambao ripoti haikuuzungumzia kwa sababu haukuwa umebuniwa bado. Walikosea basi? Sidhani. Walisema hatari ipo, na hatari ikipita bila kudhuru haimaanishi haikuwepo.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, shina la kisa lilipo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siena ilimkanyaga nyoka mwaka 1322 na haikuumwa. Mwaka 1339 wajumbe waliopiga kura walikuwa wakikaa chini ya kilima ambacho mafundi bingwa watano walisema kitasumbua, na miaka 17 ya ukimya ilikuwa imewafundisha kwamba wakaguzi hutishia tu. Nafikiri ujasiri wa kura 212 ulitokana na kunusurika huko kuliko hata na wivu kwa Firenze. Na kutoka katika ripoti nzima, sehemu iliyobaki kichwani ni ile iliyopendeza: jengeni kanisa kubwa zuri. Sehemu ya unene wa kuta na vipimo vinavyopatana ilififia.

Kubadilika kwa mafundi nako kuliumiza. Aliyekuwa na picha nzima ya jengo alikufa ndani ya miezi michache. Aliyemfuata alirithi kazi iliyokwisha kuanza. Mradi unaotegemea kichwa cha mtu mmoja una nguzo moja tu, na hiyo nayo nyembamba.

Yaliyokwenda vizuri mara nyingi hayasemwi, ilhali ni makubwa. La kwanza ni mpangilio wa kazi. Walianza kujenga kwa mbali wakilielekea kanisa la kale, hivyo kwa miaka yote 17 ibada haikukatika, na mimbari, kuba na picha ya Duccio havikuguswa. Mradi ulipokufa, mji haukubaki bila kanisa. Kama wangebomoa kwanza ili kujenga, Siena ya 1357, ikiwa nusu ya watu wake, ingekuwa inasali chini ya mwavuli wa turubai.

La pili ni kubomoa kwenyewe. Sijui uamuzi mgumu kuliko huo katika historia ya ujenzi wa zama zile: kutoa amri ya kushusha marumaru iliyochongwa vizuri, iliyolipiwa na mishumaa ya maskini, huku adui akijenga juu zaidi. Inasaidia kukumbuka kwamba walioamua kubomoa hawakuwa serikali iliyoamua kujenga. Watu Kumi na Wawili hawakuwa na sifa ya kulinda katika mradi wa Watu Tisa. Sitaki kuwapunguzia heshima kwa hilo. Ila mwenye kusimamia mradi leo ajiulize kama katika kamati yake yupo hata mtu mmoja anayeweza kusema "tusimame" bila kujivunjia jina.

La tatu ni maandishi. Ripoti, kura na maazimio yalihifadhiwa, pamoja na yale yasiyowapendeza watawala. Ndiyo sababu tunaweza kukichambua kisa baada ya karibu miaka 700, badala ya kuachiwa hadithi ya tauni pekee.

Vyumba vilivyopatikana kwa kuziba matao ya lile jengo lililoshindikana sasa ni makumbusho ya kanisa kuu. Picha ya Bikira Maria ya Duccio imo humo, pamoja na sanamu za asili za Giovanni Pisano zilizoshushwa kutoka uso wa mbele ili mvua isizimalize. Kutoka humo ngazi nyembamba inapanda ndani ya Facciatone, na mgeni anaruhusiwa kwenda hadi juu ya ukuta. Ukisimama pale, kuba liko mbele yako, na nyuma yake, juu ya mteremko, iko ile kwaya ambayo Maitani na wenzake walisema isijengwe.